Kuchora Kabla ya Vidonge

Kuna kipindi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mchoraji wa mabango ana rangi kwenye damu. Sisemi kwa mfano. Nasema rangi yenyewe, ile ya mkebe. Sisi mafundi wa Ngara, Nairobi, tulikuwa na desturi ya kulamba ncha ya brashi ili nywele zake zishikane na herufi itoke safi, na kila mtu pale alijua kwamba ukilamba, kiasi kidogo kinashuka, kinaingia damuni na kukaa huko kikiiva. Miaka ikipita, hicho ndicho kinakuwa kipaji. Ndiyo maana fundi mkongwe anaandika "Hoteli" bila kupiga mstari hata mmoja, na mwanagenzi anapiga mistari kama ya reli na bado Hoteli yake inateremka mlima.

Basi ikasemekana pia kwamba dawa za TB hazijui kuchagua. Zinafukuza wadudu, zinafukuza na rangi. Mchoraji akizimeza anaiona rangi yake ikimtoka chooni kila asubuhi, ya machungwa iliyokaribia damu, mpaka siku itakapotoka ya mwisho. Hapo kifua kitakuwa kimepona, na yeye hatajua tena kuchora hata yai.

Niliyaamini haya nikiwa mtu mzima mwenye mke, mtoto na cheti cha kidato cha nne. Cheti nilikipata shule ya jioni, katikati ya mji, katika jengo ambalo lifti yake nadhani ilikufa kabla ya uhuru. Nilisoma hata biolojia. Alama niliyopata sitaitaja, nisije nikawavunja moyo vijana.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye benchi la kliniki leo asubuhi, ana karatasi mkononi na swali kooni, na swali lenyewe anaona haya kuliuliza. Mimi si daktari. Ninachokijua ni ugumu wa benchi hilo, na kitu kimoja kidogo nilichokifanya nikiwa nimelikalia.

Karakana yetu ilikuwa Ngara, nyuma ya maduka ya jumla. Niseme karakana kwa heshima tu. Ilikuwa paa la mabati na ukuta mmoja. Tulikuwa wengi zamani. Kisha serikali ikaamuru matatu zote zifutwe michoro na zipakwe mstari wa manjano, na nusu yetu tukakosa kazi ndani ya wiki moja. Waliobaki wakaja kukutana na mashine za kukata stika, ambazo zinaandika jina la duka wakati wewe bado unatafuta kitambaa cha kufutia ngazi. Tuliobakia kabisa tulikuwa wachache, na bora wetu alikuwa Musyoka.

Musyoka alikuwa rafiki yangu. Mrefu, mwembamba, hana mke, na herufi zake zilikuwa na mwendo. Ukiona "Kinyozi" ya Musyoka unatamani kunyolewa hata kama una upara. Habari ya rangi na damu ndiye aliyenifundisha. Naye alifundishwa na fundi aliyemtangulia, na hakuna aliyewahi kumuuliza yule fundi alijuaje.

Kikohozi changu kilianza na mvua za vuli. Mwanzo nilikifanyia mzaha. Nilikohoa mpaka kuku wa jirani wakahama plot yetu ya vyumba vya kupanga. Lakini Januari ilipofika nilikuwa naamka shuka limelowa kama limetoka kufuliwa, na suruali naifunga kwa kamba juu ya mshipi. Siku moja nikiwa juu ya ngazi, katikati ya neno "Bucha", nikakohoa kwenye kitambaa na nikaona wekundu ambao haukuwa wa mkebe.

Musyoka alikuwa ameshika ngazi chini. "Karanja, hiyo kifua yako iko na injini?"

"Ni vumbi ya Ngara."

"Vumbi gani inatoa damu? Shuka hapo, manze. Nitamaliza hiyo A mwenyewe."

Nyumbani Kangemi, mke wangu Nyambura alikiona kitambaa kabla sijakificha. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akasema, "Baba Wambui, kesho hauendi kazi. Unaenda kliniki. Na mimi naenda na wewe, kwa sababu najua utaishia kwa kibanda ya chai."

Nilipewa kikopo nitemee makohozi. Nikarudi, nikatemea kingine. Tukangoja. Wakanipima pia ule ugonjwa mwingine ambao miaka hiyo kila aliyekonda alidhaniwa anao, na majibu yakasema sina. Ilikuwa TB peke yake. Nyambura alilia kwa furaha pale koridoni, mtu angedhani nimeshinda gari.

Majirani hawakuhitaji majibu. Walikuwa na macho. Mama wa chumba cha pili, ambaye alikuwa akiazima jiko letu mara nyingi kuliko sisi tulivyolitumia, akaacha kuliazima. Kikombe changu kikawekwa peke yake juu ya kabati. Wambui, binti yetu, alikuwa hajaanza shule. Tukampeleka kwa nyanya yake Limuru ili asikae chumba kimoja na kifua changu. Aliondoka amebebwa mgongoni, akinipungia mkono, akidhani ni mimi ninayesafiri. Kulikuwa na siku nilimchukia kila mtu aliyekuwa na mapafu mazima.

Nyambura alikuwa akifanya kazi ya nyumba Kileleshwa, kwenye fleti ya watu wenye mtoto mchanga. Mwajiri wake alimuuliza kama kuna mtu anakohoa kwake. Angeweza kusema hapana. Akasema ndiyo, mume wangu, ameanza dawa. Akaambiwa apumzike kwanza. Akapumzika miezi mingi. Alipita fleti hadi fleti akitafuta nguo za kufua, akirudi na vidole vilivyojikunja kama karatasi iliyonyeshewa, na bado alinipikia uji. Tuligombana kwa ajili ya mambo madogo mpaka nikashangaa: dirisha lifunguliwe au lifungwe, nani alihamisha kijiko. Hatukugombana hata mara moja kwa ajili ya jambo lenyewe.

Dawa nilizianza karibu na mvua ya masika. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa lazima umeze mbele ya muuguzi, kila asubuhi ya siku ya kazi. Wikendi unamezea nyumbani mbele ya mtu wako. Muuguzi wetu alikuwa Sista Atieno, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya benchi akatueleza mambo mengi, lakini mimi nilikohoa kuanzia "hamjambo" yake hadi mwisho. Nilichosikia ni "usiache hata ukijiona mzima." Hicho nilikishika.

Siku ya tatu nikaingia choo cha plot, nikautazama mkojo wangu. Ilikuwa ya machungwa. Ilikuwa rangi ileile tuliyoitumia kuandika "Punguzo" kwenye madirisha ya maduka. Kulikuwa na mwanga wa kutosha, na mimi rangi nazijua. Sikwenda kumuuliza Sista. Mwanamume umwelezee mwanamke wa watu habari za mkojo wako, mbele ya watu wote wale? Nilikwenda Ngara kwa Musyoka.

Akaweka brashi chini. "Si nilikuambia? Hizo dawa ni tina," akasema. Tina ndiyo ile tunayooshea brashi, inayokula rangi yote iliyo mbele yake. "Inakuosha, Karanja. Inakuosha kutoka ndani."

"Sasa nifanye nini?"

"Kuacha unaweza kuacha."

"Nikiacha nakufa."

"Lakini unakufa fundi." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekushauri kuhusu bei. "Mimi singemeza. Lakini wewe uko na bibi, uko na mtoto. Mimi niko na huu mkono tu."

Nilirudi Kangemi kwa miguu, nikipumzika kila penye ukuta. Nilikuwa na njia mbili na nilizijua zote. Nikimeza, nitamwona Wambui akianza shule, nami nitakuwa baba asiyejua chochote cha kumlipia karo. Nisipomeza, nitabaki Karanja mchoraji, kwa muda mfupi. Niliamua kumeza. Lakini nilijiambia hivi: kama rangi inatoka kila siku, basi kila siku, kabla ya kidonge, nitoe kidogo mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Niweke kwenye karatasi kile ambacho nisipokiweka kitaishia chooni.

Huo ndio mwanzo wa tabia yangu. Sikuwa na shabaha ya kuwa msanii. Nilikuwa mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua.

Nyambura alikuwa akitunza pakiti za unga. Nilizipasua, nikakata ule upande wa ndani vipande vya ukubwa wa kiganja, nikaweka mfukoni na kipande cha penseli. Sharti langu lilikuwa moja: jina langu lisiitwe kabla sijachora kitu kimoja. Si kitu kizuri. Kitu kimoja.

Sasa utachora nini kwenye chumba cha kungojea? Nyuso huwezi, mgonjwa akitazamwa anajiona ameshakuwa maiti. Ukuta ulikuwa na kalenda na nzi. Nikachora viatu. Pale benchi lilikuwa refu, na kila mmoja akiitwa sote tunasogea kidogo kuelekea mlango, kwa hiyo viatu vilipita mbele yangu kama vile mimi ndiye nimesimama na dunia ndiyo inayosogea. Raba zilizokatwa kisigino. Viatu vya karani vilivyong'aa, na soksi mbili za rangi tofauti. Kulikuwa na mzee wa akala, zile ndara za tairi, ambaye kidole chake gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimegeuka kando kana kwamba kinamsalimia mtu. Nilimchora huyo mara nyingi. Asubuhi moja tukasogea na akala hazikuwapo. Sista alipoita jina lake aliliita mara moja tu, akapiga mstari, akaita la anayefuata. Sote tulitazama sakafu.

Michoro yenyewe ilikuwa ya aibu. Dawa zilinigeuza tumbo, viungo viliuma kama nimebeba magunia sokoni Gikomba, na mkono ulitetemeka. Kikombe nilichochora wikendi ya kwanza Nyambura alikishika, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hii ni kikombe ama ni gumboot?"

"Ni kikombe."

"Pole." Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, nikakohoa, akanishika mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu Krismasi. Kile kipande hakukitupa. Alikichomeka kwenye ufa wa mlango wa kabati, na kuanzia hapo akawa anachomeka kila kimoja hapo, kizuri kwa kibaya, bila kunena. Nikilalamika kwamba cha leo ni kibovu, alisema, "Ni ya leo. Kesho lete ya kesho."

Nakuomba wewe wa kwenye benchi ulishike hilo, kwa sababu lilinisaidia kuliko mahubiri yote niliyohubiriwa nikiwa kitandani, na nilihubiriwa na dini tatu. Kabla ya kuugua nilichora nilipopata kazi tu, au nilipojisikia, na kujisikia kwenyewe kulikuja kama maji ya bomba la Kangemi. Sasa nilichora nikiwa nimetapika. Nilichora nikiwa na hasira na mwenye nyumba. Kitu kilichobadilika kwanza hakikuwa mkono, kilikuwa macho. Nilianza kuona jinsi kisigino kinavyoisha upande mmoja, na kwamba kutokana na hicho unaweza kujua mtu anavyobeba mzigo. Nikiwa njiani kwenda kliniki tayari nilikuwa natafuta cha kuchora, na siku ambayo unatafuta kitu cha kutazama siyo siku ya mtu anayekufa, hata kama mwili unasema vingine.

Lakini kila nilipotoka chooni hesabu ilikuwa ileile. Inatoka. Bado inatoka.

Miezi miwili ilipokwisha nikapimwa tena makohozi. Safi. Sista Atieno akanibadilishia dawa. Sasa zilikuwa za kuchukua na kumezea nyumbani, kwa miezi sita iliyobaki. Nyambura akanunua nyama. Nusu kilo nzima, tulikula kama matajiri wa Karen. Siku chache baadaye nikaingia chooni asubuhi, na maji yalitoka meupe.

Nilisimama pale mpaka mtu akagonga mlango. Nilirudi siku iliyofuata. Meupe. Basi imekwisha, nikajua. Tone la mwisho limetoka na mimi hata sikujua ni asubuhi ipi.

Nilikaa kitandani nikilia. Nyambura akadhani kifua kimerudi. Nilipomweleza hakubisha, kwa sababu naye aliamini. Mke wa fundi anaamini mambo ya mafundi. Akasema tu, "Utauza mboga. Hata mimi nitauza. Kwani wauza mboga hawaishi?" Alivitoa vile vipande kwenye ufa wa kabati, akavipanga ndani ya pakiti ya mkate, kama vile unavyokunja nguo za mtu aliyeondoka.

Asubuhi iliyofuata niliamka saa ileile. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, penye mwanga, vidonge kwenye kisahani mbele yangu. Sikuwa na la kufanya. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, ukatoa penseli. Sikuwa na tumaini lolote, nataka ulielewe hilo. Nilikuwa mkebe mtupu. Lakini kumeza bila kuchora kwanza kulinikera, kama kutoka nje bila kufunga zipu. Nikachora ndara za Nyambura zilizokuwa hapo mlangoni, moja imelala juu ya nyingine. Zilitoka. Zilitoka vizuri mpaka nikageuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine amezichora.

Nyambura akazitazama. "Si ulisema imeisha?"

"Imeisha. Haya ni mabaki."

"Ah. Mabaki."

Tukakubaliana hivyo. Kwenye kila mkebe hubaki kidogo kwenye kuta. Kesho yake nikachora tena, mabaki. Na kesho yake.

Baridi ya Julai ilipoingia, Musyoka naye akawa anakohoa. Nilimshika mkono nikampeleka kliniki ya karibu na kwake, si ile yangu. Akapewa vidonge. Alimeza kwa siku chache. Kisha akaniambia, akitabasamu, kwamba ameona.

"Ilikuwa mingi, Karanja. Weh! Ya miaka yote hiyo. Nikasema hapana."

"Musyoka, meza. Mimi nimemeza, niko hai."

"Uko hai, sawa. Lakini unachora?"

Ilikuwa wakati ambapo mama mmoja mwenye kitalu cha maua barabara ya Karen alitaka bango, na hakutaka stika. Tukaenda pamoja, Musyoka amevaa makoti mawili, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kusimama kulimchosha. Alinipa mimi brashi. Nilikuwa sijaandika bango tangu ile Bucha. Niliogopa, kisha nikaacha kufikiria herufi nikafikiria kile kidole cha mzee wa akala, na visigino, na migongo ya watu kwenye benchi. Nikaandika "Miche na Maua", na kila herufi ikaegemea nyingine kidogo, kama watu wanaongoja wakiwa wamezoeana. Hakukuwa na mashine Nairobi nzima ambayo ingeweza kuifanya kazi ile. Naapa mbele ya Mungu na mama wa maua kwamba magari yalipunguza mwendo.

Musyoka alitazama muda mrefu. "Hiyo umetoa wapi?"

"Sijui. Ni mabaki."

"Hayo mabaki ni mazuri kuliko mkebe yangu." Akakohoa, akainama mpaka kikohozi kikamwachilia. "Basi imagine mimi ambaye bado niko nayo yote."

Alikuwa na ushahidi mbele yake, wenye urefu wa mita tatu, bado haujakauka. Mimi pia nilikuwa nao. Tuliutazama wote wawili na hakuna aliyeusoma. Nilimsihi tena ameze, lakini nilimsihi kama mtu anayemwambia mwenzake akubali kukatwa mguu. Kumwambia kwamba mguu haukatwi, sikujua.

Miti ya jakaranda ilipoanza kuchanua mjini, Musyoka alikuwa hawezi kuja Ngara. Nilimkuta chumbani kwake, mifupa na macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi na kidole kilikuwa kinaandika kitu kwenye hewa, polepole, herufi nzuri. Niliitambua ile M yenye mkia. Hakukuwa na kutetemeka hata kidogo.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Iko yote."

Alikufa wiki hiyo.

Mafundi wa Ngara walileta msalaba mtupu wa mbao, umepakwa nyeupe, uende naye kwao Machakos. Ukaegemezwa kwenye ule ukuta wetu mmoja, na wote wakanitazama mimi. Nikachukua brashi nyeusi. Niliandika jina lake na M yenye mkia, kama yeye alivyoiandika, kisha nikaziegemeza zile zilizofuata kama za kule Karen. Mmoja akasema, "Kama ni yeye mwenyewe ameandika." Niliosha brashi kwa tina na nikaketi chini. Niliamini kwamba yale ndiyo yalikuwa mabaki ya mwisho, na nilifurahi, kama furaha ndilo jina lake, kwamba yameishia kwake.

Asubuhi iliyofuata nilichora soli ya kiatu changu. Kisha nikameza.

Miezi minane ilitimia mvua za vuli zikianza tena. Wambui alikuwa ameshaletwa nyumbani, mrefu, ananiogopa kidogo. Nyambura alikuwa amepata nyumba nyingine Kileleshwa. Nilikwenda kliniki kwa mara ya mwisho, nikakaa kwenye benchi, nikasogea. Sista Atieno akasoma karatasi yangu, akagonga muhuri.

"Karanja, umemaliza. Umepona. Enda nyumbani, na usirudi hapa hata kunisalimia."

Sikuinuka. Nilimuuliza kama kuna dawa ya kurudisha rangi.

"Rangi gani?"

Nikamwambia. Haya iliniwasha masikio, lakini nikamwambia yote: brashi, damu, choo, vile yangu ilivyoisha masika, na vile Musyoka alivyokataa kumeza ili yake isiishe. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivua miwani, akafunga mlango kwa mguu.

"Huyo rafiki yako yuko wapi saa hii?"

"Tumemzika."

Akavuta kiti karibu, akaongea bila ile sauti ya jeshi.

"Sikiza. Hiyo rangi ni ya kidonge. Hata kidonge yenyewe ni nyekundu, si uliiona ukimeza? Ikiingia, inapaka mkojo, inapaka jasho, hata machozi. Inapaka ya karani, ya mwalimu, ya askari. Miezi miwili ikiisha tunaitoa, na rangi inaisha. Niliwaambia siku ya kwanza, mkiwa wote kwa benchi."

"Na kuchora?"

"Kuchora haiko kwa mkojo, baba. Umechora kila asubuhi miezi minane. Mtu akifanya hivyo, atajua kuchora."

"Na Musyoka?"

Akavaa miwani. "Angemeza," akasema. "Angemeza, saa hii angekuwa anachora."